Kovu Si Chale

Kwao? Hakuwa na kwao, ndilo ninalokwambia. Ngwali hakuwa na kwao hata pa kudanganyia. Mwingine ukimuuliza atakwambia kwetu ni kule ng'ambo ya mlima, ukienda humkuti hata mmoja anayemjua, lakini angalau amepataja. Yeye ukimuuliza alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, halafu anasema, "Nilikuta nipo." Basi. Alikuta yupo, kama unavyokuta kunguni kwenye godoro. Hujui kaingia lini wala kwa mlango upi, na kunguni mwenyewe ukimuuliza hajui.

Na nchi aliyokuta yupo ilikuwa nchi ya namna yake. Zamani ilikuwa chini ya bahari, halafu bahari ikaondoka. Watu wa kule hawasemi ilikauka, wanasema iliondoka, kama mgeni aliyechoka kungoja chai. Ikaacha machimbo meupe, mawe mpaka macho yanauma. Watu wakabaki wanapasua mawe, wanayachoma kwenye tanuri wapate chokaa, chokaa wanapaka nyumba, mvua inailamba chokaa, wanarudi kupasua mawe. Jua limesimama utosini, haliendi. Ndiyo maana mtu wa kule anaweza kukwambia "juzi nilipokufa" na wewe ukamwambia pole, kisha mkaendelea kuongelea habari za chumvi.

Sasa ndani ya mawe yale mlikuwa na wadudu. Wao wenyewe wamekuwa jiwe, tangu bahari haijaaga. Wasomi wa mbali wanawaita trilobiti. Pale machimboni waliitwa majongoo ya bahari, maana wana pingili kama jongoo, na wakitishwa walijikunja kama jongoo. Wengine wamekufa hivyohivyo, wamejikunja wanangoja hatari ipite, na mpaka leo hawajaambiwa kwamba imepita. Mgongo una mapande matatu, la katikati na mawili ya ubavuni. Kichwa kama ngao, na mashavu mawili yameungwa kwenye ngao hiyo kwa mshono mwembamba. Na macho, sikia hili, macho yao yalikuwa jiwe hata walipokuwa hai. Jiwe la kung'aa, vijiwe vingi vimepangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ngwali alikuwa analifikiria hilo sana. Kuangalia dunia kwa jiwe, wewe ukiwa bado una roho.

Watu wa machimbo walikuwa na sinia. Sinia moja, watu wote, limefuliwa kwa shaba na mababu wasiojulikana, na kulizunguka ni kwa daraja la ukoo. Nyumba kubwa inakaa kwanza, inamega kwanza, kisha inayofuata, kisha inayofuata, mpaka ya mwisho inayokuta ukoko. Nyumba yako inajulikana kwa chale. Mtoto akitimiza arobaini anachanjwa shavuni alama ya kwao, inapakwa masizi, basi huyo hata akipotea porini akaliwa na fisi, fisi atajua amekula mtu wa nyumba gani. Asiye na chale anapewa chakula kwenye jani, nyuma ya tanuri, na anakula amesimama. Ngwali shavu lake lilikuwa laini kama yai. Alikuwa amekula amesimama maisha yake yote, mpaka magoti yake yalikuwa hayajui kazi nyingine.

Ugomvi ulikuwa hapa: nani mkubwa? Kila nyumba ilikuwa imejichagulia jongoo lake ndani ya mawe, ikasema huyu ndiye babu yetu, na chale zetu tumezitoa mgongoni mwake. Wakawa wanapigana miiko kwenye sinia. Ndipo Jumbe Mwinchande, aliyekuwa mkubwa wao kwa sababu ya sauti yake nene, akamwita Ngwali.

"Wewe huna ndugu," akamwambia.

"Sina, Jumbe."

"Basi huna wa kumpendelea. Chukua haya majongoo, yapange. Nani kamzaa nani, nani ndugu ya nani, mpaka ufike kwenye shina. Siku utakayomaliza nitakuchanja chale kwa mkono wangu, na utakaa kwenye sinia. Anayejua nasaba za wote hawezi kukosa nasaba."

Ngwali akaenda kukaa na mawe. Kukaa kwa kusema tu, maana alisimama.

Kazi hiyo usiione hivi. Mtu asiyejua ataona majongoo mawili yanafanana, atasema ndugu. Ngwali alianza hivyo na akapotea vibaya. Kila jongoo lina pingili, kwa hiyo wote ndugu? Ni sawa na kuokota watu wawili sokoni useme hawa mtu na kaka yake maana wote wana pua. Pua ni ya siku nyingi, pua haisemi kitu. Mpaka ukute wote wawili pua imepinda kushoto, tena hakuna mwingine aliyepinda, hapo unaweza kusema subiri, hawa wana babu mmoja aliyeanguka puani. Alama ya zamani haimtofautishi mtu. Ni ile mpya, waliyoanza nayo wao, ndiyo inayokushika mkono ikupeleke kwao. Na hata hiyo inadanganya. Alikuta majongoo yasiyo na macho kabisa, akayaweka pamoja, akafurahi, ukoo wa vipofu. Halafu akayachungulia mashavu, akaona hapana, hawa kila mmoja amepofukia kwao. Walikwenda kuishi kwenye giza, giza likawafananisha. Akasema moyoni, kumbe shida moja inaweza kuwapa watu sura moja na wasiwe chochote kwa wenzao. Siku hiyo hakula hata kile cha kwenye jani.

Mti wake aliuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa machimbo, ukuta mrefu kuliko mnazi, na kwenye kila tawi akachonga kishubaka akaweka jongoo lake. Matawi ya mbali yalikuwa ya majongoo yasiyodaiwa na nyumba yoyote, mgongo miiba mitupu. Lakini shina, pale walipotokea watu wa machimbo wote, palikuwa na majongoo yenye pengo. Yote yana pengo ubavuni kulia, mahali palepale, pingili zimeliwa kidogo. Ngwali alipoliona pengo la kwanza alilisogezea macho. Alipoona la pili na la tatu, machozi yakamtoka. Akasema, chale. Hata hawa walichanjana. Hata chini ya bahari mtu alikuwa na kwao.

Jongoo kubwa, pengo lake hafifu, kama mstari wa kucha. La kati, pengo la wazi. Dogo kuliko yote, pengo linaingia mpaka karibu na uti. Akayapanga: kubwa ndilo babu, huyo nyumba ya Jumbe. Akazaa la kati, nyumba ya Mkude mpasua mawe. Likazaa mjukuu, kitukuu, kilembwe, mpaka lile dogo, kilembwekeza, nyumba ya Bi Zamda, ambaye ndiye anayewapikia wote na ndiye anayekula ukoko. Na kwa nini chale inazidi kuingia ndani kadiri unavyoshuka? Akajijibu, si ndivyo watoto walivyo? Babu ana jina tu, mjukuu analipigia kelele.

Ulikuwa mti mzuri. Ulikuwa umekamilika. Siku ile wali ulikuwa unapikwa kwa ajili yake.

Mkude alikuja na wenzake wanavingirisha jiwe bapa, refu kama benchi.

"Nimekupasulia pa kukalia," Mkude akasema. "Leo unakaa, bwana. Usije ukaanguka, kukaa kuna mazoea."

"Ahsante, shemeji."

"Shemeji wa wapi, dada yangu hata hakujui. Ngoja uchanjwe kwanza ndiyo uanze kuomba wake." Wakacheka wakaenda zao.

Ngwali akachukua kata ya maji aoshe jiwe, mtu akikaa asichafuke. Akaligeuza kidogo aone upande upi ni laini. Upande wa chini, alipolipindua lote, ulikuwa na nyayo.

Vialama viwili viwili, kama mtu aliyeshona tope. Upande wa kushoto vialama ni vya wazi. Upande wa kulia vimeburuzwa. Mwenye nyayo alikuwa anachechemea. Na kwenye njia ile, mbali na mbali, palikuwa na mashimo yenye umbo la jongoo, mahali wapasua mawe walipokuwa wamebandua kitu zamani wakaondoka nacho. Shimo dogo, njia ikaendelea, shimo kubwa kidogo, njia ikaendelea.

Akasimama pale. Kisha akaenda ukutani akamtoa kilembwekeza kwenye kishubaka chake, akamweka kwenye shimo la kwanza. Akaingia kama jino kwenye ufizi wake. Akamtoa kilembwe. Akaingia. Akamtoa kitukuu, akamtoa mjukuu, akamtoa yule wa Mkude, akamtoa babu wa Jumbe mwenyewe, na wote wakaingia, mmoja baada ya mwingine, dogo kwanza na kubwa mwisho, na nyayo zile zinazochechemea zimewapitia wote kama uzi kwenye shanga. Akainama, akatazama mashavu. Mashavu yote yalikuwa yamefunguka kwenye mshono. Mdudu akifa hafungui shavu. Anafungua akitaka kutoka.

Magamba. Hawakuwa baba na mwana. Zilikuwa nguo.

Na pengo, mwenyewe alijua sasa, halikuwa linazidi. Lilikuwa linapona.

*

niliumwa nikiwa mdogo. sikumwona aliyeniuma, nilisikia tu upande umekuwa mwepesi

nikaenda

nguo ikabana. shavu likafunguka nikatoka, laini, maji yananipita kama sipo. nikageuka nikaona mtu amelala. ana umbo langu, ana pengo langu. nikasema huyu ndugu yangu. nikamwambia twende. nikakaa naye mpaka ngozi yangu ikakauka. nikamwambia tena twende

nikaenda

nikaota mwingine ndani ya mwingine. kila nikitoka namkuta pale mmoja, nampoteza. walikuwa wengi jamani ndugu zangu, wote wamelala nyuma yangu na wote hawajibu, na mimi nilikuwa najua, jicho la jiwe halikosei, nilikuwa najua ni nani

*

"Unaongea na nani?"

Alikuwa Bi Zamda, amekuja na mwiko mkononi, kitenge kimefungwa kifuani, jasho la jikoni linamtiririka. Ngwali alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, shavu lake kwenye tope lile la zamani. Hakujua ni yeye aliyesema au ni nani. Akainuka.

"Bi Zamda, hebu njoo uone."

"Nione nini, nina wali motoni. Nimekuja kukwambia ukaoge. Mtu anakwenda kukaa na watu ananuka kama popo." Halafu akaona ukuta, vishubaka vitupu. "Kimekupata nini? Wazee wako wapi?"

Ngwali akamwonyesha. Akamwonyesha nyayo, kuburuza, mashavu, pengo. Bi Zamda hakuwa mtu wa kuelezwa mara nyingi. Akaweka mwiko chini, akapitisha kidole kutoka lile dogo mpaka lile kubwa.

"Kwa hiyo Jumbe na mimi ni mtu mmoja," akasema.

"Ni nguo za mtu mmoja."

"Mimi ndiyo fulana yake ya utotoni." Akacheka kwa pua. "Na nimelishwa ukoko miaka yote hii na kanzu." Kisha akamwangalia Ngwali usoni, kwenye lile shavu la yai. "Usiseme."

"Bi Zamda."

"Nisikilize wewe jongoo usiyepanda mtungi. Usiseme leo. Rudisha wazee ukutani, kaoge, uchanjwe, ukae, ule. Ukishashiba useme. Mtu aliyeshiba akisema jambo, wanasema ana wazo. Mwenye njaa akilisema, wanasema ana wivu."

"Na chale nitakayochanjwa itakuwa ya nini?"

"Itakuwa ya kulia wali."

Ngwali akatazama njia ile. Alikuwa anaitaka chale, usifikiri hakuitaka. Alikuwa anaitaka mpaka ameiona pale isipokuwepo. Aliona jeraha la mtu, kitu ambacho huyo mtu hakumgawia yeyote, akaliita ndugu zake. Chale mnachanjwa wengi. Kovu ni lako. Kovu halirithiwi, unalala nalo mwenyewe, linapona mwenyewe, na hakuna wa kumwambia kwamba leo limepungua kidogo. Na yeye alikuwa amemchukua mpweke kuliko wapweke wote chini ya bahari, akamfanya kijiji.

"Nikinyamaza," akasema pole pole, "huyu hatakuwa amepita hapa."

"Alishapita, baba. Hahitaji ruhusa yako."

"Mimi ndiye pekee niliyemwona."

Bi Zamda akaokota mwiko wake. "Haya," akasema. "Wali ukiungua leo, hilo nalo ni lako."

Wakaja. Sinia lilikuwa limewekwa katikati ya machimbo, wali umepanda kama kichuguu, nyama juu yake. Nyumba zote zikasimama kulizunguka, maana kabla mti haujasomwa hakuna anayejua akae lini. Jumbe Mwinchande alikuwa na wembe mpya kwenye kitambaa.

"Soma," akasema.

Ngwali akasema, "Jumbe, si chale. Ni kovu."

"Nini ni kovu?"

Akawaeleza. Aliwaeleza vibaya, anarudia, anasahau pa kuanzia, anashika ubavu wake mwenyewe kuonyesha. Lakini jiwe lilikuwa pale, na watu wale ni watu wa mawe, hawakudanganywa na jiwe hata siku moja. Wakainama mmoja mmoja. Mkude akafuata nyayo kwa kidole, na mguu wake ukaanza kuchechemea wenyewe bila yeye kujua.

Jumbe akabaki amesimama.

"Unaelewa unachosema," akasema. "Hakuna babu, hakuna kilembwe."

"Hakuna."

"Na nyumba yangu."

"Ni nguo yake ya mwisho tuliyoipata. Kabla ya hapo alikuwa amevaa hawa wengine."

"Kama hakuna ukoo, mimi nitakuchanja ukoo gani?"

"Hakuna," Ngwali akasema. "Ninajua, Jumbe. Jani langu liko nyuma ya tanuri, nitakwenda mwenyewe."

Jumbe akakunja wembe kwenye kitambaa. Ungesema atapiga kelele, na sauti alikuwa nayo. Badala yake akainama, mtu mzima yule, magoti yakalia, akaweka kiganja juu ya lile kubwa, babu yake, na akatazama mbele yake, pale nyayo zilipoendelea kidogo mpaka kwenye ukingo jiwe lilipopasukia.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Sijui. Jiwe limeishia hapo."

"Alikuta mtu?"

"Jumbe, sijui."

Kila mmoja alikuwa anamwona yule anavyochechemea kwenye tope, anavua, anageuka, anajiona, anaenda. Na kila mmoja, hata wale wenye chale nzito na wake na wakwe, akakumbuka kitu chake ambacho hajawahi kumwambia mtu, akanyamaza nacho. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wali ukaanza kupoa. Na hapo ndipo shida ilipoonekana, maana hakuna aliyejua aanze nani kukaa. Nyumba ya Jumbe ikiangalia ya Mkude, ya Mkude inaangalia ya Bi Zamda, watu wazima kwa watoto wamesimama kama nguzo na mate yanawajaa. Mtu mmoja akasema labda tungoje ipatikane nasaba nyingine. Mwingine akasema tuanze na mwenye umri. Wakaulizana umri, na kwenye nchi ile ya jua lililosimama hakuna aliyekuwa nao.

"Miguu inaniuma," Bi Zamda akasema.

Akakaa. Kwenye sinia, mbele kabisa, penye nyama. Akanawa, akatia mkono.

Mkude akamwangalia Jumbe. Jumbe akamwangalia Bi Zamda anavyotafuna. Kisha Jumbe akakaa pembeni yake, na Mkude akakaa, halafu wote wakashuka kwa pamoja kama ndege wanaotua, wanasukumana mabega, wanaombana radhi, mtu amekalia kanga ya mtu.

Ngwali alikuwa ameshageuka anaelekea tanurini.

"We," Jumbe akasema. "Unakwenda wapi?"

"Sina chale, Jumbe."

"Nani kakuuliza chale? Njoo ukae, unatuzibia upepo."

Akarudi. Mkude akajisogeza, nafasi ikapatikana ndogo, ya mtu mmoja aliyekonda. Ngwali akajaribu kukaa. Magoti yakagoma. Akainama, akainuka, akashika hewa, na watu wakajizuia kucheka wakashindwa, mpaka Mkude akamshika kiwiko akamshusha.

"Kunja huu. Huo mwingine simamisha goti. Sio hivyo, utamwaga mchuzi. Hivyo."

Alikuwa amekaa. Chini palikuwa na joto, hakujua kwamba chini huwa pana joto. Akatia mkono kwenye wali, mkono ukagongana na wa Bi Zamda.

"Kula upande wako, usinivukie," Bi Zamda akasema.

Ngwali akautoa mkono, akalitazama sinia lote, duara, wali mweupe usio na mstari.

"Upande wangu unaanzia wapi?"

Bi Zamda alikuwa na mdomo umejaa. Akamega pande la nyama kwa vidole vyake, akalisukuma mpaka mbele ya Ngwali.

"Hapo," akasema, na wakaendelea kula.